Mstari Nilioruka Katika Barua ya Uwindaji

Siku ya pili ya matanga ya shemeji yangu Hamed nilikuwa nimekaa kwenye sabla ya mtaa wao hapa Ibra, Uarabuni, ule ukumbi mrefu wa wanaume wenye mito ukutani. Mzee mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu akaniwekea mkono gotini, akaniambia niwahadithie vijana ile safari ya Kazakhstan, kwani aliyekwenda na marehemu kuwinda ni mimi peke yangu. Kahawa ilikuwa inazunguka, tende ziko katikati, na vijana wakanigeukia wote. Nikawahadithia baridi. Nikawahadithia mahema, na maziwa ya farasi yaliyochachuka ambayo Hamed aliyanusa akayarudisha kwa adabu, na yule kulungu mkubwa wa milima ya kule, maral, tuliyemwona mara moja tu kwa darubini, pembe zake kama matawi ya mti uliokauka. Wakafurahi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini Hamed, mtu aliyekulia juu ya farasi, hakupanda farasi tena tangu tuliporudi. Kila mtu ana jibu lake tayari: alizeeka. Mimi ninalo jibu jingine, na nimelikalia zaidi ya miaka ishirini.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, karani katika ofisi moja ya serikali kule Nizwa. Kila Jumatano, kazi ya wiki ikimalizika, nilishika njia ya Sinaw nikaja Ibra kwa dada yangu Zuwena, mke wa Hamed, nikakaa mpaka Ijumaa. Watu husema ujana unaisha mtu akifika arobaini. Wangu uliisha mwaka ule. Chumba cha kulia cha dada yangu nakikumbuka kuliko nyumba yangu mwenyewe: zulia jekundu, feni iliyogonga kila ikizunguka, sinia la wali na samaki wa nazi upande mmoja, na upande wa pili boko boko la ngano na nyama lililopikwa na mama yake Hamed. Nyumba ile ilikula Unguja na Ibra kwa mlo mmoja, na Hamed alizitendea haki pande zote mbili. Alikuwa mtu mkubwa, mrefu, mwenye kifua cha mlango. Ujanani alikuwa mmoja wa wale wanaosimama wima juu ya farasi wawili wanaokwenda mbio pamoja, mkono begani kwa mwenzake, siku za sherehe. Alipokuwa akicheka vikombe vilitikisika.

Habari ya kuwinda ilianzia kwenye kijitabu cha kampuni moja ya uwindaji ya Kazakhstan. Daktari wa mifugo, mgeni aliyekuja kuchanja farasi wa Hamed, alikisahau pale bandani: picha za watu juu ya farasi wadogo wenye manyoya, wakipanda milima yenye theluji nyuma ya kiongozi mmoja mzee. Kwetu kuwinda wanyama wa mwitu ni marufuku, na ni haki iwe hivyo. Hamed alikibeba kile kijitabu wiki nzima, kisha akaniwekea mapajani. Alinieleza kwamba farasi wa Ibra siku hizi wanafugwa kwa ajili ya kutazamwa. Wanavishwa fedha, wanakimbizwa uwanjani, wanarudishwa bandani. Baba yake alimpanda farasi kwenda mahali na kurudi. Yeye alitaka, mara moja tu katika umri wake, farasi amfikishe mahali ambapo hapafikiki bila ya farasi. Akataka twende wawili, gharama juu yake, mimi niwe ulimi wake. Miaka ile sisi tuliosomea Unguja ndio tuliopewa kusoma kila karatasi ya Kiingereza katika ukoo: ya dawa, ya friji, ya ubalozi. Tulikuwa tunachekwa Kiarabu chetu kwamba kina nazi ndani, lakini ikija karatasi ya Kiingereza, tuliwekewa mto.

Fomu ya kampuni ile iliuliza umri, maradhi, uzoefu wa kupanda, na uzito. Msimu wa tende ulikuwa unaishia, kwa hiyo Hamed akanichukua mpaka uwanja wa mfanyabiashara mmoja wa tende, akapanda juu ya mizani ya magunia mbele ya watu. Mwenye mizani akasema gunia hili mbona halijashonwa mdomo. Hamed akacheka kuliko wote. Akasoma mwenyewe kwa sauti, kilo mia na kumi na nane, akanigeukia akasema, "Andika hivyo hivyo, shemeji. Mtu wa farasi hadanganyi uzito."

Nikaandika hivyo hivyo. Hilo nililifanya vizuri.

Jibu likanijia Nizwa, kwenye duka la intaneti nililokuwa nikilipia kwa nusu saa. Nilichapisha ile barua nikaja nayo Ibra bila ya kuisoma vizuri, maana nilikuwa na haraka ya barabara. Hamed hakunipa hata nafasi ya kunawa. Alinipeleka moja kwa moja sabla, wazee wapo, akawaambia barua imetoka Kazakhstan na Salum ataisoma. Nikasimama. Nikawa nasoma Kiingereza kimya na kukitoa kwa Kiarabu kwa sauti: karibuni mwezi wa tisa mwakani, mlete nguo za sufu, mlete viatu virefu, bunduki zipo huku. Halafu nikafika kwenye mstari uliosema kwamba farasi wao ni wadogo, hawampandishi mtu yeyote anayezidi kilo mia, na bwana Hamed watampokea kwa furaha iwapo atafika mwezi wa tisa akiwa na uzito huo, lakini zaidi ya hapo wanaomba radhi, haiwezekani. Wazee wananitazama. Hamed ananitazama, uso wake umefunguka kama wa mtoto. Nikaumeza ule mstari, nikaruka, nikasoma salamu za mwisho. Wote wakasema mashaallah, na mzee mmoja ambaye miaka yote alikuwa akiniita Zinjibari akanisogezea halwa kwa mkono wake.

Nilijiambia kwamba nimemsitiri. Sisi tumelelewa hivyo: aibu ya mtu huitangazi mbele ya kadamnasi, unaifunika, kisha unamvuta pembeni. Lakini pembeni sikumvuta. Nilikuwa na usiku ule, na asubuhi yake, na Ijumaa nzima, tumekaa wawili tunakula mkate wa kumimina, na sikusema. Leo nalijua jina la kilichonizuia. Niliitaka ile safari. Nilimtaka yule mzee anisogezee halwa tena. Na ningemwambia Hamed ukweli, angeliikunja ile barua, angelisema hewala, na mimi ningelirudi kuwa karani wa Nizwa.

Basi nikaanza hesabu. Kilo kumi na nane, miezi kumi na moja. Nilimwendea dada yangu jikoni, nikamwambia Hamed anatakiwa apungue kidogo kwa ajili ya mlima, nisimwambie kiasi gani wala kwa nini. Zuwena alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Mume wangu akikonda, kaka, watu watasema nini? Watasema kaoa Mzanzibari, hamlishi."

"Mpunguzie wali tu."

"Na boko boko la mama yake nalo nilipunguze mimi? Nenda kamwambie mwenyewe bi mkubwa, nikuone unavyotoka."

Hata hivyo alijaribu. Alianza kupakua kidogo, na Hamed akawa anamaliza sahani yake kisha anavuta sinia. Nikampendekezea tutembee jioni kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba. Akakubali. Tukatembea, lakini mtu wa Ibra hatembei mbele ya nyumba ya mtu akaachiwa apite. Kila mlango tuliitwa, kila mlango kahawa na tende, na tuliporudi alikuwa ameshiba kuliko alivyotoka. Ramadhani ikaingia, nikaipigia hesabu kubwa. Ramadhani ikamwongeza kilo mbili. Nilikuwa namtazama akimenya ndizi nikizihesabu. Nilikonda mimi. Ofisini wakaniuliza kama nina sukari.

Na huku yeye ananifundisha farasi. Kila Alhamisi asubuhi tulikuwa kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya mitende, mimi juu ya farasi mzee mpole, yeye amesimama katikati ameshika kamba. Aliniambia nimekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Alikuwa na Kiswahili alichojifunza kwa mkewe, cha jikoni, na kila akitaka kunikemea alikitumia hicho, nikawa naambiwa nisiungue, niteremshe moto, nikoroge taratibu, juu ya farasi. Tukimaliza, kabla ya kitu chochote, alinifundisha kuvua tandiko na kupitisha kiganja juu ya mgongo wa mnyama. Pakiwa pamelowa jasho sawasawa, mpandaji kakaa sawa. Pakiwa na mahali pakavu, hapo uzito umekandamiza mpaka damu haipiti, na kesho patavimba. Akanionyesha yule jike wake mwekundu, farasi aliyempenda kuliko wote. Alisema hampandi tena tangu mwaka wa juzi, mgongo wake mfupi, hamuwezi. Alisema hivyo bila ya huzuni, kama mtu anavyosema kiatu hakimtoshi. Siku ile niliona wazi kwamba nilichokuwa nikimfichia hakikuwa aibu kwake hata kidogo. Na bado sikusema, maana sasa palikuwa na la pili la kueleza: kwa nini nilinyamaza mwanzo.

Mwezi wa kwanza tulipanda Jabal Akhdar tukajizoeze baridi na hewa nyembamba. Tulitembea kutwa kwenye njia za mawe kati ya vijiji, na mara nne alikaa kitako akingoja pumzi. Mara ya nne alitoa machungwa mfukoni, akamenya moja, akaligawa.

"Shemeji," akasema kwa Kiarabu, anatazama bonde. "Wale farasi wao wadogo. Nimewatazama kwenye picha. Uzito wangu uliwaandikia?"

"Niliwaandikia."

"Mia na kumi na nane?"

"Mia na kumi na nane."

"Wakasema nini?"

Nakumbuka chungwa lilikuwa chachu. Nakumbuka punda mmoja chini kabisa alikuwa analia. Nikamwambia wamesema hapana neno. Akatikisa kichwa polepole, akasema wao ndio wanaowajua farasi wao, na akanipa kipande kingine.

Mwezi wa tano kampuni wakaandika tena. Walitaka kuchagua farasi, na waliuliza mgeni wao mzito amefikia kilo ngapi. Wiki ile Hamed alikuwa amepanda mizani tena kwa mzaha: mia na kumi na sita. Nilikaa duka la intaneti, kijana wa pembeni yangu anacheza mchezo wa magari kwa kelele. Nikaandika tisini na nane. Kisha nikanunua makoti mawili ya baridi kwenye maduka ya Ruwi, lake la saizi kubwa kuliko zote zilizokuwepo, na muuzaji akaniuliza kama ni la kufunikia gari.

Hivyo ndivyo ulivyokwenda mwaka. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri nikijiambia leo nitampigia simu, na nikifika mchana nilikuwa na sababu. Nilijiambia mizani ya tende si ya kuaminika. Nilijiambia kilo mia ni tahadhari tu ya kampuni, kama ile ya wenye lifti. Nilijiombea viza zikataliwe. Zikatoka zote mbili siku moja. Jioni ya kuondoka Zuwena alitufungia visheti kwenye mkoba, akamshika mumewe ukosi akamwambia arudi mzima, kisha akaniambia mimi, "Nimekukabidhi." Mama yake Hamed akatusomea dua kizingitini, mkono wake mmoja kifuani kwangu.

Tulifika kambini mchana wa siku ya tatu. Farasi walikuwa wamefungwa kwenye mstari, na kweli walikuwa wadogo, manyoya mengi, miguu myembamba. Kiongozi alikuwa mzee mkavu mwenye kofia ya ngozi. Alitupa salamu ya Kiislamu, akampima Hamed kwa macho kutoka juu hadi chini, kisha akamwambia neno yule kijana wa kampuni aliyejua Kiingereza. Kijana akatazama karatasi yake, akaniuliza mimi: tisini na nane? Nikamwambia ni makoti. Hamed naye akanivuta mkono. "Huyu mdogo, Salum. Waulize tena." Nikamgeukia kijana, nikamwuliza tunaondoka saa ngapi. Akanijibu. Nikarudi kwa Hamed nikamwambia wanasema hawa ni farasi wa mlima, wana nguvu kuliko umbo lao.

Ulimi wake ulikuwa mimi. Hakuwa na mwingine.

Siku ya pili ya kupanda tulimwona maral, mbali, ng'ambo ya bonde, amesimama pembezoni mwa misitu. Hamed alimtazama kwa darubini muda mrefu akanipa, na machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni upepo. Siku ya tatu tuliteremka kwenye mteremko wa changarawe kumfuata upande wa pili. Mimi nilikuwa nyuma ya Hamed. Niliona mguu wa mbele wa farasi wake unaingia kati ya mawe, na uzito wote ukaja mbele juu yake, na nikausikia ukivunjika. Hamed alianguka upande akaumia bega, lakini alikuwa wa kwanza kusimama. Akapiga magoti kwenye changarawe, akaupapasa ule mguu kutoka gotini kwenda chini, mara moja tu. Halafu akafungua mkanda, akavua tandiko, akapitisha kiganja chake mgongoni kwa mnyama, akakaa vile, kiganja kipo mahali pakavu. Kisha akanitazama.

Yule mzee kiongozi akashuka kwenye farasi wake. Walimgeuza farasi kichwa kuelekea kibla, Hamed akamshika, mzee akachomoa kisu. Tuliteremka kwa miguu muda wa saa sita. Mzee alitaka kumpa farasi wake, Hamed akakataa kwa mkono. Alitembea na lile bega, anapumua kama mtu anayekata magogo, na mzee akawa anatembea sambamba naye, tena na tena anamnyoshea vidole vyote kumi, akivifumba na kuvifumbua, hasira imemjaa, akimhesabia mia.

Hemani, tulipobaki wawili, Hamed hakupandisha sauti.

"Walisema ngapi?"

"Mia."

"Lini?"

"Tangu barua ya mwanzo. Ile niliyoisoma sabla."

Nikamwambia kwamba wazee walikuwepo, kwamba nilimstahi, kwamba nilitaka kumsitiri. Aliniacha nimalize yote.

"Mimi umenisitiri," akasema. "Na yule farasi, nani alikuwa wa kumsitiri?"

Asubuhi yake alimlipa mzee farasi wake, akavua saa yake ya mkononi akampa pia, na tukarudi kabla ya siku zetu kwisha. Ndani ya ndege aliniuliza kama nataka kukaa dirishani.

Zuwena alitupokea kwa pilau. Tulikaa kwenye lile zulia, watatu, feni inagonga, na yeye anataka kusikia yote: kulungu, theluji, mahema, na mbona mkono umefungwa kitambaa. Hamed akamwambia farasi alianguka kwenye mawe, akafa. Dada yangu akaweka kijiko chini. Akauliza, imekuwaje hata farasi wa milimani akaanguka mlimani? Hamed akanigeukia mimi, akaacha kula, akanipa muda wote niliokuwa nauhitaji. Hata leo nikifumba macho nauona ule uso, hauna chuki, umengoja tu.

Nikasema njia ilikuwa mbaya. Hamed akainamisha macho kwenye sahani, na mimi nikamwomba dada yangu aniongezee kachumbari.